Vidonge Nilivyovikuta Kwenye Buti Langu

Mwanangu Tumaini,

Mimi nina miaka sabini na nne, na usidhani nimeiokota njiani. Nimewapita kwa umri baba yangu, kaka zangu wote, na wapasuaji mbao wote wa Lupembe niliokuwa nashindana nao kuvuta msumeno. Nimemzika mke wangu wa kwanza. Nimemzika dada yako Neema, ambaye hukuwahi kumwona. Paini iliwahi kuniangukia pale Matembwe, watu wakaanza kuimba nyimbo za msiba, mimi nikatoka chini ya matawi nikauliza nani kachukua kofia yangu. Nakuambia haya mwanzoni kabisa ili ujue anayekuandikia si mtu wa kutishika ovyo.

Leo mchana nimetishika. Nimekuta vidonge vyako.

Niliingia stoo kutafuta buti langu la mpira, la kushoto, lile lililotoboka, ili nikamwagilie miche ya parachichi. Nikaingiza mguu, nikakanyaga kitu kama punje za mahindi. Nikasema hawa panya sasa wamezidi. Nikalipindua buti. Vikamiminika kiganjani vidonge vyako vya damu, ile haidroksiurea yenyewe, vingi, vingine vimeshaanza kushikamana kwa unyevu. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Mama yako alikuwa jikoni anakukaangia kuku wa safari. Akaita, "Baba Tumaini, unafanya nini huko muda wote?"

Nikasema natafuta buti.

"Buti si hilo umelishika mkononi?" Kumbe ameshafika mlangoni. "Uzee huo, mume wangu."

Nikafumba kiganja. Nikavitia vyote mfukoni, nikaenda kumwagilia miche ambayo alikuwa ameshaimwagilia yeye asubuhi.

Yeye hajui. Akijua, kesho huondoki, na wewe unamfahamu. Atashusha begi lako, atalikalia, na chuo cha Dodoma kitafunguliwa bila wewe. Kwa hiyo neno hili limebaki kwangu peke yangu, na nafasi niliyo nayo ni jioni hii tu. Asubuhi tutakuwa watatu mpaka stendi, na ndani ya basi, nikikusindikiza mpaka Makambako, siwezi kumwaga mambo yako mbele ya abiria.

Sasa hivi wewe uko usharikani unaagana na wanakwaya wenzako, nasikia mpaka huku mnavyocheka. Mimi nimekaa mezani na kalamu yako. Darasa la nne nililimaliza kwa ubishi, siyo kwa akili, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kupiga alama kwenye mbao. Mama yako amepita mara ya pili anachungulia. "Leo unaandika? Wewe ambaye hata karatasi ya mbolea nakusomea mimi?" Nimemwambia namwandikia mwanangu mambo ya kiume. Amecheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kusali, amekuambia yeye. Habari ya koti amekuambia mpaka koti lenyewe limechoka. Mimi sirudii. Mimi nataka kukuambia habari ya buti, kwa sababu hukulichagua bure. Umelijua buti lile tangu mdogo, na aliyekufundisha kuficha dawa humo ni mimi.

Nianzie mbali kidogo, maana ujinga wangu ulikuwa na mizizi.

Mke wangu wa kwanza alinizalia watoto watano, wote wamesimama kama milingoti. Kaka zako na dada zako hao unawajua, hakuna aliyewahi hata kulala wodini. Alipofariki, nikakaa, kisha nikamwoa mama yako, binti wa Ludewa kule chini ziwani. Akazaliwa Neema. Neema viganja vyake vilikuwa vyeupe, macho yake yakageuka manjano, akawa mtoto wa kuchoka. Alikufa meno hayajamaliza kuota. Na mimi pale msibani, Tumaini, nilisimama mbele ya watu nikasema, "Damu yangu imejaribiwa mara tano, haina kosa. Ugonjwa huu umepanda kutoka ziwani." Mama yako alikuwa amekaa mkekani na mtoto wake hajatoka ndani. Alisikia. Wajomba zako walisikia. Wakanyanyuka wakaondoka bila kunawa mikono, chakula cha msiba kikabaki kwenye sinia. Kwetu Ubena na kwao ziwani, hilo linajulikana maana yake: undugu umekatika.

Ukiniuliza siku ile, hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Watoto watano wazima kwa mke yule, mmoja mgonjwa kwa mke huyu. Kosa liko kwa nani? Hata mtoto wa shule angejibu. Na angekosa, kama nilivyokosa mimi.

Kisha ukazaliwa wewe. Mzito, mwekundu, una kelele kama mashine ya mbao. Nilizunguka mtaa wetu wa Ramadhani mzima natamba. Nilikupitisha madukani kama mtu aliyepata pikipiki mpya. Nikasema, mnaona? Safari hii damu ya Kibena imeshika juu. Ukanyonya, ukanenepa, ukacheka. Ulipoanza kujifunza kukaa, vidole vyako vikavimba, vya mikono na vya miguu, vikawa kama ndizi ndogo, na ukawa unalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto mwingine. Mama yako alikijua kile kilio. Alikitambua kutoka kwa Neema. Akanitazama, mimi nikatazama dari.

Dawa yangu mimi ilikuwa baridi. Unacheka, lakini ndivyo tulivyolelewa Matembwe. Baba yangu alituogesha mtoni mwezi wa sita, nyasi zimeganda barafu, na aliyelia aliongezewa. Mtu aliyekomazwa na baridi hakamatwi na homa, ndivyo tulivyoamini, na wengine mpaka leo wanaamini. Kwa hiyo ulipoanza kutembea nikawa nakuogesha maji ya bomba alfajiri. Mama yako alikuwa anapasha maji kwa siri, birika kalifunika kwa kanga. Mimi nikiliona nalimwaga uani. "Unamlea mtoto au unapika chai?" ndivyo nilivyokuwa namwambia. Na wewe kila baada ya baridi ulikuwa unalala chini umeshika mapaja. Mimi nilikuwa sioni. Au nilikuwa naona, ila macho yangu nilikuwa nimeyapa likizo.

Aliyenibana wa kwanza ni Dokta Rehema, wa kliniki yako hapa mjini. Unamjua, mdogo wa umbo, mkubwa wa sauti. Wewe ulikuwa mapajani kwa mama yako, unakula biskuti. Akaniuliza, "Mzee, mtoto alizaliwa akiwaje?"

"Simba."

"Akaanza kuumwa lini?"

"Alipoanza kukaa."

"Ndivyo inavyokuwa. Sikiliza, baba." Akachora viduara kwenye karatasi. Akasema chembe nyekundu za damu zinazaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Zikiwa changa, kila moja ina kiini, na ndani ya kiini kuna maagizo yote ya mwili, ndizo hizo jeni. Humo kuna agizo la kutengeneza damu ya mtoto aliye tumboni, na agizo lingine la kutengeneza damu ya mtu mkubwa. Mtoto akishazaliwa, lile la tumboni linazimwa pole pole, na la ukubwani linashika kazi. "Mwanao agizo la utotoni ni zima kabisa, ndiyo maana alizaliwa simba. La ukubwani ndilo lina kosa. Chembe ikishatua hewa iliyobeba, inajikunja kama mundu, inanasa kwenye mishipa, na pale iliponasa ndipo anapolia."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo lile zuri limekufa?"

"Halijafa, Mzee. Limezimwa."

"Na nani?"

"Kuna protini, kazi yake moja ni kulikalia lisifanye kazi."

"Basi ifukuzwe!"

Akacheka mpaka nesi akachungulia. "Ng'ambo wameanza kuifukuza, wanaingia mpaka kwenye jeni yenyewe. Kwa bei yake, baba, utauza Lupembe nzima na miti yake, na bado utadaiwa. Sisi tuna vidonge hivi. Vinaushtua uboho, na baadhi ya chembe changa zinalirudia lile agizo la utotoni. Chembe yenye damu ya utotoni ndani yake haijikunji kwa urahisi." Halafu akaniangalia sawasawa. "Na wewe tukupime. Ugonjwa huu haupatikani mpaka wazazi wote wawili wabebe."

Nikasimama. Nikamwambia mimi nimeshapimwa na paini, sihitaji sindano. Tukaondoka. Njia nzima mama yako alikuwa anakupangusa makombo ya biskuti, na mimi nikajiambia amekubali kosa lake.

Vidonge vilifanya kazi, hilo siwezi kulikana. Ulipofika darasa la tano ulikuwa umekaa mwaka mzima hujalazwa. Ulikuwa unakimbia mpira. Mimi nikakutazama nikasema, mche ukishashika ardhi unaondolewa kijiti. Kama unabaki umefungwa kwenye kijiti milele, huo ni mti gani? Sikumuuliza daktari. Sikumuuliza mama yako. Kila jioni nilikuletea maji na kidonge mbele yake kama kawaida, nakugeuzia mgongo wangu mpana, nakupa maji, na kidonge kinakwenda stoo kwenye buti. Nilikukonyeza. Na wewe ukanikonyeza. Najua unakumbuka. Ulikuwa unafurahi, maana tulikuwa na siri ya wanaume wawili.

Sasa hapa ndipo nataka usome taratibu.

Wiki ya kwanza hukuumwa. Ya pili hukuumwa. Nikaanza kutembea kifua mbele, nikamdharau Dokta Rehema kimoyomoyo. Mwezi ukaisha, uko mzima unaruka kamba na wasichana. Nikasema nimewashinda. Julai ilipoingia nikakuchukua Makambako kwenye lori la Ezekia, yule dereva Mkinga aliyekuwa anabeba mbao zangu. Nilikuwa nauza mbao, lakini ukweli nilikuwa nakwenda kukuonyesha kwa watu. Upepo wa Makambako unaujua, haukupigi kwa nje, unapita katikati ya mbavu. Tulilala gesti pale nyuma ya maegesho ya malori. Asubuhi madereva wamejipanga wanapiga mswaki, mimi nikakuvua shati nikachota ndoo. Nikawaambia, "Tazameni. Huyu ndiye waliyesema mgonjwa." Ulioga hukulia. Ulitetemeka meno yakagongana, ukaniangalia kama unaniuliza, inatosha? Na mimi nikasema bado, nikaongeza.

Jicho lile ulilonitazama nalo ninalo mpaka leo. Silisemi kwa mtu.

Kabla ya chakula cha mchana ulikuwa umejikunja kwenye kiti cha lori, huwezi kusema panapouma, maana palipouma palikuwa kila mahali. Mimi nikasema ni njaa. Nikaagiza maandazi. Ezekia akaweka mkono kwenye kifua chako, akanigeukia. "Mzee, hili siyo tumbo la maandazi. Huyu mtoto anakufa. Panda!"

"Mbao hazijashuka zote."

"Mbao? Panda nimesema!"

Hakuna mtu aliyewahi kunifokea vile nikapanda. Siku ile nilipanda.

Hospitalini wakasema damu yako imekwisha, inahitajika ya kuongezwa upesi. Nikakunja mkono wa shati, nikasema kwa sauti ili wodi nzima isikie, "Chukueni yangu. Hii haijawahi kuumwa hata malaria, na nimepasua mbao mabondeni kwenye mbu wakubwa kama kuku." Wakachukua kidogo wakaenda nayo maabara. Kijana wa maabara akarudi, amepoa. "Baba, yako hatuwezi kumpa huyu."

"Kwa nini? Nimezeeka?"

"Unabeba selimundu. Huumwi, lakini unabeba. Nusu umerithi nzima, nusu yenye kosa."

"Kipimo chenu kibovu."

"Tumerudia."

"Rudieni tena."

Walirudia, naye alikuwa na subira kuliko niliyostahili. Wakati huo mama yako alikuwa ameshafika kwa basi kutoka Njombe, yuko mlangoni, kandambili moja imekatika ameishika mkononi. Alisikia yote. Nilikuwa tayari anitukane, tena mbele ya watu. Nilikuwa naomba anitukane. Alikuja akakaa kwenye benchi kando yangu, akasema pole pole, "Kumbe tulikuwa wawili."

Ni hayo tu. Mpaka leo hajaongeza neno juu ya hayo.

Aliyekutolea damu ni Ezekia. Alitoka na pamba mkononi anatania, "Kuanzia leo mwanao ni Mkinga kama mimi, Mzee, na kwetu biashara iko kwenye damu, ukimwona anafungua duka usimzuie." Watu wakacheka, mimi nikatoka nje nikajifanya nakagua tairi za lori.

Baadaye Dokta Rehema alinieleza vizuri, nikiwa nimekaa chini kama mwanafunzi. Mke wangu wa kwanza hakubeba, ndiyo maana watoto watano walipona, hata kama baadhi yao wanabeba kama mimi. Mama yako alibeba, mimi nilibeba, na katika wazazi wa namna hiyo kila mimba ni bahati nasibu. Nikamuuliza, mimi Mbena wa baridini nimeutoa wapi? Akaniuliza kama kuna mtu wetu aliyetoka nchi ya mbu. Nikakumbuka bibi mzaa baba. Alipanda milima kutoka ziwani na vyungu kichwani, akija kuuza, akaolewa huku huku. Sisi tulikuwa tunaficha hilo, tunasema alikuwa binti wa mtemi. Na ile malaria niliyotamba kuwa hainiwezi? Dokta akasema anayebeba nusu, malaria kali humpata kwa shida. Kwa hiyo, Tumaini, ile nguvu niliyojisifia maisha yangu yote ndiyo hiyo hiyo iliyokukunja wewe kwenye kiti cha lori. Ni kitu kimoja. Kwangu kilikuwa ngao, kwako kikawa mundu.

Nilishuka ziwani kwa wajomba zako. Nilisimama uani kwao nikasema kwa sauti ile ile niliyoitumia msibani kwamba na mimi nabeba. Hawakunikaribisha kiti. Kisha bibi yako akaleta maji ya kunawa. Tukala ugali na dagaa. Sijawahi kula dagaa watamu vile, na samaki wa ziwani siwapendi.

Sasa turudi kwenye buti, maana nasikia kwaya yenu imekaribia kumaliza.

Najua kwa nini umeacha. Nilimsikia rafiki yako pale getini akikuita "Kidonge", na wewe ukacheka kicheko cha kulipia. Miaka yote ya shule umeitwa hivyo. Dodoma hakuna anayekujua. Unataka kuingia bwenini ukiwa Tumaini tu, usiyekuwa na chupa ya dawa kando ya kitanda. Hilo nalielewa kuliko unavyodhani. Mimi nimeficha bibi mwenye vyungu kwa miaka sitini ili niitwe mjukuu wa mtemi. Ubishi huo hukuuokota barabarani, mwanangu, nao ni wa kurithi.

Na najua unajisikia vizuri. Ndiyo hatari yenyewe hiyo. Nilimuuliza Dokta Rehema baada ya Makambako: kama dawa ilikuwa ya lazima, mbona mtoto alikaa wiki zote zile mzima? Jibu lake limenikaa kichwani kuliko mahubiri yote niliyosikia. Alisema chembe nyekundu, kabla haijatoka kwenye uboho kuingia kwenye damu, inatema kiini chake. Kile chenye maagizo yote, inakiacha nyumbani. Inaondoka bila kitabu. Kuanzia pale haiwezi kusoma agizo lolote jipya, haiwezi kujirekebisha, haiwezi kubadili ilichobeba. Itatembea na kile kilichopakiwa ilipokuwa nyumbani, basi, mpaka ife. Yangu mimi inatembea kama miezi minne. Zako, zile za mundu, hata mwezi hazifiki. Zile zenye damu ya utotoni zinavumilia zaidi.

Umeelewa? Kidonge hakizifukuzi zile zilizoko barabarani. Kinafanya kazi nyumbani kwao, kabla hazijaondoka. Hizo zinazokufanya ujisikie mzima leo zilipakiwa ulipokuwa bado unameza. Unakula akiba. Zinazopakiwa jioni hii, ukiwa unaimba, hakuna aliyezikumbusha lile agizo la zamani. Hizo ndizo utakazotembea nazo Dodoma, mimi nikiwa mbali, Ezekia akiwa mbali, na hakuna wa kukufokea panda.

Siku ile niliposikia habari ya chembe kuacha kitabu, nilicheka. Leo sicheki, kwa sababu nakuona na begi lako. Ningeweza kukuandikia maagizo mpaka kalamu iishe wino, lakini kitabu changu utakiacha hapa Ramadhani, kama chembe inavyoacha kiini chake. Lakini wewe si chembe. Chembe ikishatoka haiwezi tena kuamua kitu. Wewe unaweza. Hapo ndipo ulipo uwezo wako wote, na ndipo ulipo woga wangu wote.

Nimefanya hivi. Vile vya kwenye buti vimeharibika kwa unyevu, nimevitoa visije vikamezwa. Vile vipya alivyokupa Dokta Rehema juzi, pamoja na karatasi yake ya kwenda nayo kliniki ya Dodoma, nimevitoa chini ya begi ulikovisukumia, nimeviweka mfuko wa ndani wa koti. Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha safari. Utaikanyaga asubuhi kama mimi nilivyokanyaga. Isome kwenye basi. Kutoka Njombe mpaka Makambako nitajifanya nimelala, na unajua sijui kujifanya, lakini nivumilie.

Makambako nitashuka. Nitakununulia chupa ya maji, isiyo ya friji. Nitakupa mkononi. Halafu nitageuka, nisione kama umemeza. Tumaini, mimi sijawahi kumpa mgongo mtu ambaye sijamaliza naye maneno, muulize yeyote. Kesho nitageuka. Nitatazama malori mpaka basi lako litoke, na sitachungulia kwenye kioo cha lori, ingawa hilo nalo nimelifikiria.

Nikirudi nyumbani mama yako ataniuliza swali analouliza kila jioni tangu Makambako: "Amekunywa?" Na mimi sitakuwa na jibu. Kwa hiyo itanibidi nimwambie habari ya buti, yote, tangu ulipokuwa darasa la tano, maana hiyo ya kukonyezana hajawahi kuijua. Yeye anadhani nilisahau vidonge safari ile ya Makambako tu. Sikusahau. Nitamwambia nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, kama alivyokaa yeye kwenye langu. Wewe la kwako utaamua utakapomwambia.

Ukiona baba yako anatia chumvi katika haya, wapo wa kuuliza. Ezekia bado anaendesha, siku hizi fuso, muulize habari ya mbao na ya maandazi. Mama yako muulize habari ya mkeka na ya birika, ila usubiri nisiwepo. Wajomba zako wa ziwani wataeleza kuhusu dagaa, na watazidisha. Dokta Rehema atakuambia kama nimekosea habari ya kitabu. Ile ya paini ya Matembwe, walioona wote wamekufa, itabidi uniamini hivyo hivyo.

Na ya kesho shahidi ni mmoja. Kliniki ya Dodoma watakutoa damu kidogo waitazame. Mimi nitakuwa nimegeuka. Damu yenyewe haigeuki.